Bandeji ikitoka, kazi ndiyo inaanza

Kutoka Mikindani hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Basi likiondoka Mtwara alfajiri, abiria hushuka jioni, ikiwa mvua haijaharibu njia. Mwezi Mei 2024 iliharibu. Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga, wilayani Kilwa, na watu wa Kusini wakabaki upande wao wakisubiri wahandisi wajaze vifusi. Habari za siku zile zilijaa malori yaliyokwama na abiria waliolala njiani. Lakini katika msururu kama ule kuna msafiri mmoja ambaye kuchelewa kwake hakufidiwi kwa tiketi nyingine. Ni mgonjwa aliyepasuliwa jicho wiki mbili kabla kwa sababu ya presha ya macho, na ambaye anatakiwa kliniki kuchomwa sindano ya kuzuia kovu.

Sindano hiyo haijulikani sana. Anayeisikia kwa mara ya kwanza huiogopa, na ana haki: kwanza inachomwa jichoni, pili dawa yenyewe ni ya saratani. Ina madhara yake, mengine madogo na ya kupita, mengine ya nadra lakini yanayoweza kumaliza jicho kwa siku chache. Niseme mapema msimamo wangu: dawa hizi zimeokoa macho mengi kuliko yale zilizoyaharibu, na anayezikataa kwa hofu mara nyingi hukataa uoni wake mwenyewe. Ninachokiona kuwa hatari kwa mtu wa Mikindani, Msimbati au Kilambo ni kuchomwa dawa hiyo kisha kukaa mbali na mtu anayejua kulitazama jicho lake.

Tuanze na ugonjwa. Presha ya macho, ambayo wataalamu huiita glakoma, si presha ya damu, ingawa majina yanafanana na watu huzichanganya kila siku. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu iliyotulia huku jicho lake likifa taratibu. Jicho hutengeneza maji yake ya ndani bila kukoma, na maji hayo hutoka kupitia kichujio chembamba kwenye pembe ya jicho. Kichujio kikizembea, maji hujaa na shinikizo hupanda. Kwa kawaida shinikizo huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Likikaa juu ya hapo kwa muda mrefu, linaukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na nyuzi za mshipa huo zikishafa hazirudi. Katika aina iliyo ya kawaida kwetu hakuna maumivu wala wekundu. Uoni wa pembeni hupotea kwanza, na mgonjwa hugundua siku anapojikwaa kwenye ngazi au kumgonga mtoto aliyepita ubavuni. Hapo jicho moja huwa limeshakwenda.

Wengi hudhani ni mtoto wa jicho, wanangoja "akomae" ndipo waende hospitali. Mtoto wa jicho hungoja, na ukimtoa mtu huona tena. Glakoma haingoji, na kilichopotea hakirudi kwa upasuaji wowote. Upasuaji wake hulinda kilichobaki tu. Jambo hili lisipoelezwa vizuri siku ya kwanza, mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji akitarajia kuona vizuri kuliko jana, halafu akiona ni yale yale, au ukungu kidogo zaidi, huamua kwamba amedanganywa na harudi tena. Nadhani miadi mingi hufia hapo.

Tanzania ina takwimu zake kuhusu ugonjwa huu, na ni za zamani kidogo. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa vijiji 6 vya Kongwa, mkoani Dodoma. Watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea walipimwa, na zaidi kidogo ya 4 kati ya kila 100 walikutwa na glakoma. Mtwara si Kongwa, lakini mtu anaweza kukaa kwenye baraza lolote la Mikindani, akahesabu wazee waliokaa hapo, akafanya hesabu yake mwenyewe.

Kuna njia 3 kubwa za kushusha shinikizo: matone, mwanga wa leza, na kisu. Matone ni ya kila siku, maisha yote, na chupa huisha wakati korosho bado haijauzwa. Kuhusu leza, hospitali ya KCMC ya Moshi ilifanya kazi ambayo Watanzania tungepaswa kuijua zaidi. Wagonjwa 201 wenye shinikizo kubwa waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa matone ya timololi na nusu wakatibiwa kwa leza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, macho yaliyodhibitiwa kwa leza yalikuwa asilimia 61, na kwa matone asilimia 31. Leza hiyo hupigwa kwa dakika chache na haiachi kidonda cha kuuguza. Lakini si kila jicho linaitikia, na wengi wa watu wetu hufika hospitali wakati jicho limeshachakaa kiasi kwamba daktari hana budi kufikiria kisu.

Kovu, rafiki asiyetakiwa

Upasuaji unaotumika zaidi ulielezwa na John Cairns wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1968. Daktari hufungua kitundu kidogo kwenye ukuta mweupe wa jicho, chini ya kope la juu, akakifunika kwa kifuniko chembamba cha ukuta huo huo na juu yake akarudishia utando laini wa nje. Maji ya ndani hupenya pale, hukusanyika chini ya utando kama lengelenge dogo, kisha hunyonywa na mwili. Mgonjwa akiinua kope mbele ya kioo anaweza kuliona.

Tatizo ni kwamba mwili haujui kitundu hicho kimetobolewa kwa makusudi. Unakiona ni jeraha na unakimbilia kuliziba. Chembe za kutengeneza kovu huzaliana, hushona, hukaza, na baada ya wiki kadhaa njia ya maji inakuwa imefungwa na shinikizo limerudi lilikokuwa. Madaktari wameona kwa miaka mingi kwamba macho ya watu wenye asili ya Afrika hupata kovu haraka na zito zaidi. Jicho lililotumia matone kwa miaka mingi nalo lina utando uliokwisha kuwashwa, na hilo huongeza kovu. Matone ya kupunguza uvimbe anayopewa mgonjwa baada ya upasuaji yana kazi hiyo hiyo ya kutuliza kovu, ndiyo maana kuyaacha mapema kwa sababu "jicho haliumi tena" ni kosa kubwa.

Dawa ya fluorourasili, ambayo hospitalini huitwa kwa kifupi 5-FU, ilitangazwa mwaka 1957 na Charles Heidelberger na wenzake huko Marekani kama dawa ya saratani. Kazi yake ni kuzuia chembe zinazogawanyika zisitengeneze vinasaba vipya. Chembe isiyoweza kunakili vinasaba haizai nyingine. Miaka ya 1980 madaktari wa macho walijiuliza: kama inazuia uvimbe wa saratani kukua, kwa nini isizuie kovu? Jaribio kubwa la Marekani lililotoa majibu ya kwanza mwaka 1989 lilikuwa na wagonjwa 213, wote wenye macho magumu yaliyowahi kupasuliwa. Nusu yao walichomwa sindano za 5-FU chini ya utando wa jicho mara mbili kwa siku kwa wiki nzima, kisha mara moja kwa siku wiki iliyofuata. Jumla yake ni sindano 21 kwa jicho moja. Baada ya mwaka mmoja upasuaji ulikuwa umeshindwa kwa asilimia 27 ya waliochomwa, na asilimia 50 ya wasiochomwa. Baada ya miaka 5 pengo lilikuwa bado lipo, asilimia 51 kwa 74, lakini waliochomwa walikuwa na malengelenge mengi zaidi yaliyotoboka na kuvuja miaka baadaye.

Hakuna anayechoma sindano 21 siku hizi. Kwanza madaktari waligundua kwamba sifongo ndogo iliyoloweshwa dawa na kuwekwa kwenye kidonda dakika chache wakati wa upasuaji wenyewe husaidia sana. Jirani zetu wa Kenya walilipima hili katika kitengo cha macho cha Kikuyu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001: baada ya miaka 2, waliowekewa 5-FU karibu 9 kati ya 10 walikuwa na shinikizo lililodhibitiwa, wasiowekewa 7 kati ya 10. Pili, iliingia dawa kali zaidi, mitomaisini, iliyopatikana Japani kutokana na vijidudu vya udongo na kutumiwa kwa glakoma kwa mara ya kwanza na Chen wa Taiwan mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sindano za 5-FU zikabaki kuwa za baada, kwa jicho ambalo daktari analiona linaanza kukaza: lengelenge limekuwa jekundu, mishipa ya damu imejikunja juu yake, shinikizo linapanda. Jicho hilo ndilo linalochomwa leo, pengine mara moja, pengine mara 5, katika wiki za mwanzo.

Uchomaji wenyewe ni wa dakika chache. Matone ya ganzi kwanza. Sindano ni nyembamba mno, na dawa ni miligramu 5, ndani ya moja ya kumi ya mililita, matone mawili matatu tu. Huchomwa chini ya utando mbali kidogo na lengelenge, jicho likasafishwa kwa maji ya chumvi ili dawa iliyovuja isikae juu ya kioo cha jicho. Mgonjwa husikia mwasho na kuona wekundu wa damu chini ya utando, unaotisha kuutazama lakini hauna madhara na huisha wenyewe.

Madhara, kuanzia yanayojulikana

5-FU haina macho. Haiwezi kutofautisha chembe ya kovu na chembe nyingine inayogawanyika, na sehemu ya jicho inayogawanyika kuliko zote ni ngozi nyembamba inayofunika kioo cha jicho, konea, ambayo hujivua na kujiota upya kila baada ya wiki moja hivi. Dawa ikiifikia, ngozi hiyo huanza kuchubuka. Mgonjwa husema jicho lina mchanga, machozi yanatiririka, mwanga unamchoma. Hili ndilo dhara la kawaida na sehemu kubwa hupona sindano zikisitishwa. Nadra ni pale mchubuko unapogeuka kidonda kinachochimba ndani. Kidonda kikiachwa bila kuonwa, konea inaweza kuoza hadi kutoboka.

Kuna dhara lingine ambalo vitabu vingi havilipi nafasi, na linawahusu watu weusi hasa. Pembezoni mwa konea, kwenye mpaka wa weusi na weupe wa jicho, watu wenye ngozi nyeusi wana chembe zenye rangi. Ngozi ya konea inapochubuliwa na dawa, chembe mpya hutoka kwenye mpaka huo kwenda kufunika pengo, na zinabeba rangi yao. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa waliojitokeza na mistari ya rangi ya kahawia juu ya kioo cha jicho baada ya sindano za 5-FU. Ukiiona bila kujua utadhani kuvu wameota, au kitu kimeingia. Mistari hiyo hufifia yenyewe. Naitaja kwa sababu muuguzi wa zahanati asiyewahi kuisikia anaweza kumwanzishia mgonjwa dawa kali za kuvu bila sababu, na dawa hizo nazo zikazidi kuchubua jicho lile lile.

Halafu kuna kuvuja. Utando ulioshonwa unahitaji kovu kidogo ili ushike, na sisi tumelizuia kovu. Ndiyo maana daktari makini hachomi sindano kabla hajaweka rangi ya manjano jichoni na kutazama kwa taa ya bluu kama maji yanachuruzika. Jicho linalovuja, jicho lenye mchubuko wa konea, jicho ambalo shinikizo tayari liko chini mno, na mama mjamzito au anayenyonyesha: hawa wote hawachomwi.

Shinikizo la chini mno ni tatizo lililo kinyume na ugonjwa wenyewe, na wagonjwa hulishangaa. Lilikuwa 35, tukataka lishuke, sasa liko 3 na daktari ana wasiwasi? Ndiyo. Jicho lisilo na shinikizo la kutosha hulegea, pazia lake la nyuma hujikunja, picha zinapinda. Kibaya zaidi, na hili ni nadra, mshipa mdogo nyuma ya jicho unaweza kukatika na damu ikajaa ndani kwa dakika chache. Maumivu yake ni ya ghafla na makali, uoni unazimika, mtu anatapika. Mara nyingi hutokea siku za mwanzo baada ya upasuaji, na kujikaza huchangia: kukohoa kwa nguvu, kujisukuma chooni, kuinua kitu kizito.

Dawa kuingia ndani ya jicho ni ajali ya nadra zaidi na ndiyo inayoogopwa na wapasuaji wenyewe. 5-FU ni dawa yenye ualkali mkali. Chini ya utando inavumilika. Ndani ya chumba cha mbele cha jicho inakutana na chembe za nyuma ya konea ambazo kazi yake ni kukausha kioo ili kibaki angavu, na chembe hizo kwa binadamu hazioti upya zikifa. Kioo huvimba na kuwa cheupe kama kilichopakwa chokaa. Njia ya dawa kupita ni ile ile tuliyoitoboa, hasa pale daktari anapotumia ncha ya sindano kukata kovu na kuchoma dawa kwa wakati mmoja. Kwa mitomaisini hali ni mbaya mara nyingi zaidi. Ndiyo sababu wengi huchoma dawa mbali na lengelenge, kwa kiasi kidogo, na hupisha muda kati ya kukata na kuchoma.

Zipo taarifa za ajabu zaidi za jicho moja moja. Moja, iliyochapishwa mwaka 1996, ni ya mgonjwa ambaye konea ilibinuka na kubadilika umbo baada ya kulikanda jicho kupita kiasi. Kukanda jicho ni jambo ambalo daktari mwenyewe humfundisha mgonjwa ili kusukuma maji yatoke, na huyu alikuwa pia ametiwa 5-FU. Nimeitaja kwa faida ya wale ambao wakiambiwa "kanda mara 2 kwa siku" hukanda mara 10.

Mwisho ni usaha. Lengelenge lililofanyiwa kazi na dawa hizi huwa jembamba, jeupe, halina damu ya kutosha kupigana na vijidudu. Huko Japani walifuatilia zaidi ya macho 1,000 yaliyopasuliwa kwa mitomaisini kwa miaka 5, na kiasi cha 2 kati ya 100 yalipata maambukizi ya lengelenge. Namba ndogo, ila zingatia muda wake: si wiki ya kwanza tu, ni miaka. Mtu aliyepasuliwa akapona, akasahau hata jina la daktari wake, anaamka asubuhi moja na jicho jekundu lenye matongotongo mazito. Akilichukulia kama ugonjwa wa macho mekundu unaozunguka mtaani, akapaka dawa ya duka na kulala, anaweza kuamka haoni.

Jicho hilo hilo, Mikindani

Sasa lipeleke jicho hilo kwenye mji huu. Wageni huijua Mikindani kwa Boma la Wajerumani la 1895 na kwa nyumba za mawe zilizobaki. Wenyeji wake wanaishi kwa bahari, mashamba ya korosho na biashara ndogo. Mvuvi anarudi kazini mapema kwa sababu anayepumzika hali. Kuvuta nyavu na kubeba gunia la korosho ndiko kujikaza nilikokutaja. Kupiga mbizi kutafuta pweza huku una lengelenge jichoni ni kulifungulia mlango kila kijidudu cha maji, na marufuku hiyo ni ya kudumu, haiishi baada ya mwezi. Mama anayeshuka pwani wakati wa bamvua na kuinama saa nzima juu ya mawe naye ajue kwamba kuinamisha kichwa huongeza shinikizo la jicho, na wiki za mwanzo hapaswi.

Mji una misikiti mingi, na udhu ni mara 5 kwa siku. Hili wauguzi wengi hulisahau wanapotoa maelekezo, wanasema tu "usiweke maji", kana kwamba mzee ataacha sala. Yupo mzee atakayeacha maelekezo badala yake. Ni bora kumwambia waziwazi: shehe wangu, upande wa jicho hilo pangusa bila kumwagia maji, na kama huwezi, dini imekupa tayamamu. Sali umekaa hadi daktari akuruhusu kusujudu. Maneno hayo machache yanaokoa jicho na yanamheshimu mtu.

Kisha kuna dawa za nyumbani. Utafiti mmoja wa vidonda vya konea nchini, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta robo ya wagonjwa walikuwa wametia dawa za kienyeji jichoni. Sidhani desturi hiyo imekwisha. Kwa jicho ambalo ngozi ya konea imeshachubuliwa na 5-FU, maji ya majani yaliyotwangwa kwenye kinu cha nyumbani ni balaa.

Na usafiri, ambao nimeanza nao. Mwezi wa kwanza baada ya upasuaji huu jicho linatakiwa kuonwa siku ya pili, kisha kila wiki au karibu na hapo, na mara nyingi zaidi likianza kukaza. Anayetoka Msanga Mkuu anavuka kwanza kwa kivuko kabla hajafika stendi. Zidisha nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam mara 5 au 6, kwa watu wawili, maana mzee asiyeona vizuri hasafiri peke yake. Nani anazo? Familia hukaa kikao, hutoa hesabu, na safari ya 3 hukatwa. Kovu linaendelea na kazi yake, au konea inaendelea kuchubuka, na hakuna mtu wa kuliona.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mpasuaji anapaswa kuuliza kabla ya kushika kisu ni "Mzee wangu, unakaa wapi, na nani atakuleta?" Jibu lake linabadili tiba. Mgonjwa anayekaa Temeke anaweza kupangiwa 5-FU kidogo kidogo, kwa kadiri jicho linavyojionyesha. Mgonjwa wa Mikindani asiye na ndugu Dar es Salaam afikiriwe leza kwanza, kama jicho linaruhusu. Kama ni lazima kisu, basi dawa ya kuzuia kovu iwekwe mara moja wakati wa upasuaji, kwa kiasi cha tahadhari, na mgonjwa abaki karibu na hospitali wiki za mwanzo hata kama ni kwa kulala kwa jamaa. Yapo pia macho yanayofaa kuwekewa mrija mdogo wa kutolea maji, kama ule unaotengenezwa na Aurolab ya Madurai, India, kwa bei ya nchi zetu. Kumchoma 5-FU mtu unayejua hatarudi wiki ijayo, kisha kuandika kwenye faili kwamba "mgonjwa alipotea", mimi naliona ni kosa la mpango wa tiba, si la mgonjwa.

Upande wa huduma Kusini haujalala. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula ipo mjini Mtwara, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini imejengwa Mitengo, mlangoni mwa Mikindani. Jengo hilo ni nafasi ambayo watu wa mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma hawakuwa nayo. Ufuatiliaji wa glakoma hauhitaji mashine za ajabu: kipima shinikizo, taa ya kupimia jicho, rangi ya manjano, na mtu aliyefundishwa kutazama lengelenge na kujua lini apige simu. Mpasuaji akiwa Dar es Salaam au Moshi na macho yake yakiwa Mtwara, mgonjwa anapanda bajaji badala ya basi.

Kuhusu dawa yenyewe kuna kikwazo cha kifamasia kisichozungumzwa. 5-FU hutengenezwa kwa ajili ya saratani. Chupa ya mililita 5 ina dawa ya kutosha macho 50, lakini ikishafunguliwa haifai kuhifadhiwa kwenye friji ya wodi na kuchomekwa sindano wiki baada ya wiki, maana kila mchomo ni njia ya kijidudu kuingia kwenye chupa na kutoka humo kwenda jichoni. Kliniki yenye wagonjwa wachache ina njia mbili: iwaite wote siku moja, igawe chupa kwa usafi siku hiyo hiyo na kumwaga iliyobaki, au ipate dawa iliyogawanywa tayari na famasia inayojua kazi hiyo. Kubana matumizi hapa ni kwa gharama ya jicho la mtu, na wakaguzi wa hospitali waliangalie hili kwa jina lake.

Neno kwa msomaji aliyepasuliwa jicho la presha, au mwenye mzazi aliyepasuliwa. Kabla ya kuruhusiwa kuondoka hospitali, uliza uliwekewa dawa gani ya kuzuia kovu, na iandikwe kwenye kadi yako kwa herufi zinazosomeka. Omba namba ya simu ya kliniki. Kisha lishike hili: jicho likiwa jekundu ghafla, likiuma, likitoa tongotongo zito au machozi ya moto yasiyokoma, mwanga ukikuchoma, uoni ukipungua hata kidogo, au ukiona doa jeupe kwenye kioo cha jicho, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiku pia, na useme tangu mapokezi kwamba ulipasuliwa glakoma. Usingoje Jumatatu, na usikubali kupewa tyubu ya dawa dirishani bila mtu kulitazama jicho kwa taa. Kwa wenye miaka 40 na zaidi ambao hamjawahi kupimwa, na hasa wale ambao baba, mama, kaka au dada alipofuka bila sababu kujulikana, kapimeni shinikizo la macho wiki hii.